Mkimbiaji Asiyefukuzwa

Lugha ya Kiswahili haiziamini sana mbio. Mzizi mmoja wa kitenzi kukimbia umezaa mkimbiaji na mkimbizi: wa kwanza huvishwa nishani, wa pili huandikwa jina katika daftari la kambi. Kimbilio nalo ni mahali pa kujisitiri. Mtoto akitumwa dukani huambiwa aende mbio, lakini mtu mzima akionekana barabarani akitimua mbio, wapita njia hugeuka nyuma kutazama kinachomfukuza. Wahenga nao hawakumwachia mwenye mbio nafasi kubwa. Haraka haraka haina baraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwenda pole hajikwai. Kutangulia si kufika. Ni kweli zipo methali zinazomkemea anayechelewa, mathalani ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kumkemea mzembe si kumsifu mkimbiaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akitaka methali inayomsifu mtu kwa kuwa tu alikwenda kasi, na akafurahi katika kwenda kwake, itambidi akeshe.

Kwa upande wake, Kenya imezigeuza mbio kuwa kazi. Wilson Kiprugut aliporejea kutoka Tokyo mwaka 1964 na nishani ya shaba ya mita 800, hiyo ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, kule Mexico City, Kipchoge Keino alimwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kwa umbali mkubwa katika mita 1,500. Ni hizi mbio za masafa ya kati, basi, zilizoifungulia nchi mlango. Tangu hapo, katika vijiji vingi vya nyanda za juu, miguu ya mtoto huhesabiwa pamoja na mashamba na ng'ombe. Hakuna ubaya katika hilo. Mkulima hasemwi kwa kulima auze. Lakini anayekimbia bila woga na bila kutafuta riziki hujikuta mgeni mara mbili: mgeni katika lugha yake, na mgeni katika nchi yake.

Mgeni mmoja wa aina hiyo ni mwalimu wa Kiswahili mwenye umri wa miaka 43, anayefundisha katika shule ya upili huko Pwani. Jina lake halina haja ya kutajwa. Wanafunzi humwita Mwalimu, na hilo latosha. Alizaliwa katika vilima vya majani chai vya Nandi, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila anayemjua Pwani anajua hivyo. "Mwalimu, si mbio kwenu ziko damuni?" huulizwa kila mara katika chumba cha walimu. Maneno haya ya damu husemwa kwa nia njema, na ndiyo maana ni vigumu kuyajibu. Hayampi mtu nafasi ya kuwa na miguu yake mwenyewe.

Ukweli ni kwamba alipokuwa na umri wa miaka 15 alikimbia mita 1,500 mbele ya mkufunzi wa kijijini. Mkufunzi aliitazama saa, akamtazama kaka yake mkubwa aliyekuwa amesimama kando, kisha akasema kwamba huyu arudi kwenye vitabu. Akarudi. Kwa miaka 26 iliyofuata hakukimbia tena ila kuwahi matatu. Aliyebaki kukimbia ni kaka. Familia iliuza ng'ombe wawili ili apate viatu na gharama za kuishi Iten, mji ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako vijana huamka kabla ya alfajiri na kujitosa barabarani kwa makundi. Alikaa huko miaka minne. Kano la kisigino likamwangusha kabla hajapanda ndege hata mara moja. Alirejea nyumbani akawa mfugaji, na neno mbio halikusikika tena mezani pale. Katika nyumba hiyo mbio zilikuwa deni lisilolipwa, na hakuna aupendaye wimbo wa deni.

Ilikuwaje basi mtu huyu akaanza kukimbia tena, tena Pwani, tena mwezi wa Februari? Sababu ni hilo hilo joto.

Msomaji aliyeishi bara pengine huona joto kuwa ni joto tu. Watu wa Pwani wanayatofautisha. Kuna jua kali, linalochoma utosi lakini likakuacha ukiingia kivulini. Kuna hari, inayokufuata hadi kivulini. Kisha kuna fukuto, ambapo hewa yenyewe imelowa, nguo hazikauki vizuri, na mtu hutoka jasho akiwa ameketi kitako. Msimu wa kaskazi unapokaribia kwisha, kati ya Februari na Machi, Mombasa na vitongoji vyake hupata siku ambazo kipimajoto hupita nyuzi 32, na fukuto juu yake. Katika hali hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwuliza mwenzake kwa nini amekwenda polepole. Hapo ndipo mwalimu alipoona mwanya. Nandi, mtu wa kasi yake angechekwa. Pwani, kumaliza tu kungehesabiwa kuwa ni ujasiri. Joto lilimpa udhuru, na chini ya udhuru huo akaweza kufanya jambo alilokuwa akilitamani tangu utotoni.

Isidhaniwe kwamba udhuru huo ni wa uongo. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumika, takribani robo au pungufu, ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki yote hugeuka kuwa joto ambalo mwili sharti uliondoe. Njia kuu ya kuliondoa ni jasho, na jasho halipoozi kwa kutoka bali kwa kukauka. Tone linalodondoka chini limekwenda bure. Hewa iliyojaa unyevu hukataa kulipokea, kwa hiyo mkimbiaji wa fukutoni hulowa chapachapa bila kupoa. Wakati huo huo moyo unadaiwa na pande mbili: misuli inataka damu ya kuipatia oksijeni, nayo ngozi inataka damu ya kupeleka joto nje. Mwili hujifunza kuzipatanisha pande hizo ukipewa muda wa siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto lenyewe. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea humo hupungua. Mwalimu, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akiishi Pwani lakini kivulini, alizifuata wiki mbili hizo kama mtu anayefuata dozi ya hospitali.

Wakimbiaji wakubwa pia wamewahi kushikwa mashati na hewa hiyo. Tarehe 24 Machi 2007, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa wa mbio hizo mfululizo tangu mwaka 2002, alijitoa kabla ya kufika mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Wengi wengine walianguka, wakayumba au wakaacha. Mbio za vijana wa kiume siku hiyo zilichukuliwa na Mkenya Asbel Kiprop, ambaye nishani ya dhahabu ya mita 1,500 ya Olimpiki ya mwaka 2008 ilimwangukia baadaye, mshindi wa awali aliponyang'anywa. Hadi leo wapo watu wa Mombasa wanaoikumbuka siku ile kwa fahari ya kimya: kwamba wenye mapafu ya milimani walikuja, na hewa ya nyumbani ikawafundisha adabu.

Lakini mita 1,500 si kilomita 12. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Katika masafa marefu joto hukusanyika mwilini kidogo kidogo hadi likamshusha mtu. Katika masafa mafupi halipati muda wa kumfikia. Misuli iliyopata moto hata hufaidika. Masafa ya kati yamekaa pale yanapoitwa, katikati. Kwa mtu wa kawaida ni dakika tano, sita au saba. Muda huo unatosha mtu kujua kwamba ameanza vibaya, lakini hautoshi kulirekebisha kosa. Mwenye kukimbia mita 100 hufika kabla hajawaza. Mwenye marathoni anazo saa za kuwaza na kuwazua, kujuta na kusamehe. Wa mita 1,500 hupata wazo moja tu, nalo huja katika mzunguko wa kabla ya kengele, na aghalabu wazo hilo ni: kwa nini?

Mashindano ya shule ile hufanyika Februari. Mbio za wanafunzi hupangwa asubuhi, kwa busara, na zile za walimu na wafanyakazi huachiwa saa saba mchana, kama makombo. Uwanja ni wa nyasi zilizokauka, mistari imechorwa kwa chokaa, na upande wa magharibi kuna mwarobaini mmoja unaotupa kivuli cha hatua kama kumi katika njia ya ndani. Hatua hizo kumi kila mkimbiaji huzijua. Katika mwaka wake wa tatu wa kukimbia mwalimu alikuwa amejiwekea lengo moja: kumaliza chini ya dakika sita. Hesabu yake ni nyepesi na alikuwa ameiandika nyuma ya daftari la kuandalia masomo. Mita 300 za kwanza kwa sekunde 72, kisha mizunguko mitatu kamili, kila mmoja kwa sekunde 96. Jumla ni sekunde 360 kamili. Akiiba sekunde moja popote, amefaulu.

Walijipanga tisa. Walimu wa mazoezi wawili kutoka chuo kikuu, vijana wenye njumu mpya. Mpishi. Karani. Mwalimu wa kemia. Bawabu wa lango, mzee aliyepita miaka 50, miguu mitupu, suruali ameikunja hadi magotini. Wavulana wawili wanafunzi waliojipenyeza bila ruhusa. Na mwalimu wetu, fulana ya kijani, raba zilizozeeka. Mwanafunzi mmoja wa kike alipewa simu yenye saa ya kupimia na kuagizwa atangaze muda kila wanapopita. Kipenga kikalia.

Hakuna haja ya kuwafuata wote. Walimu wa mazoezi waliondoka kama waliochomwa na moto na mzunguko haujaisha walikuwa wakitembea, mikono kiunoni, wakitafuta maji. Karani alijitoa palipo na mwarobaini, akasema baadaye kwamba kivuli ndicho kilichomwita. Mwalimu alipita mita 300 kwa sekunde 70. Mzunguko uliofuata ulikuwa wa sekunde 95. Mpaka hapo alikuwa na akiba ya sekunde tatu, na mwili ulikuwa bado wake.

Kisha ukaja ule mzunguko. Mtu ambaye hajawahi kuupitia hufikiri kwamba maumivu ya mkimbiaji ni ya miguu. Miguu huja baadaye. Kwanza huja kinywa: mate yanageuka kama gundi. Halafu masikio, ambayo husikia kila kitu kwa mbali, kelele za wanafunzi zikawa kama za soko la upande wa pili wa mto. Jua limekaa utosini. Jasho linaingia machoni na chumvi yake inachoma, na kulipangusa ni kupoteza hatua. Zamani lawama zote zilitupiwa asidi ya laktiki. Wataalamu wa leo hawamwekei mshitakiwa huyo hatia peke yake tena, lakini mwenye kukimbia hajali ni nani aliyemwibia, anajua tu kwamba ameibiwa. Mbele yake bawabu alikuwa akienda kwa hatua fupi fupi, nyayo zikigusa nyasi kama mtu anayekanyaga mkeka wa mwenyewe. Mwalimu alijaribu kuutumia mgongo ule kama kamba, akaukamata, ukamponyoka. Walipopita mwanafunzi alitangaza. Mzunguko ule ulikuwa umechukua sekunde 104. Akiba imekwenda na deni limeingia. Kengele, ambayo ni ile ile ya kuitia chakula, ikapigwa.

Inafaa kuuliza kilichomzuia kusimama. Dakika sita zilikuwa zimekwisha kumkataa. Zawadi haikuwapo ila soda. Hakuna aliyekuwa nyuma yake kwa karibu, na udhuru wa joto ulikuwa bado umenyoosha mikono kumpokea. Jibu la wepesi ni kwamba alikuwa na moyo, neno linalopendwa sana na watangazaji. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba alikuwa akifurahi. Furaha hii haifanani na ile ya arusini, na mtu akimwona mwenye nayo, uso umekunjamana na povu mdomoni, atadhani anaona mtu anayeadhibiwa. Hata hivyo ni furaha. Kwa mara ya kwanza katika siku nzima, na pengine katika mwezi mzima, mtu huyu hakuwa na jambo jingine la kufanya, hakuna mtihani wa kusahihisha, hakuna karo ya kufikiria, hakuna damu ya kuwakilisha. Palikuwa na mita 400 na hewa nzito. Alizimaliza kwa sekunde 98.

Dakika 6 na sekunde 7. Wanne. Mbele yake walikuwa wale wavulana wawili, waliopaswa kufukuzwa uwanjani, na bawabu. Waliomaliza kwa jumla walikuwa sita. Mama mmoja anayeuza madafu langoni alimmwagia maji kichwani bila kuombwa. "Pole, mwanangu," akasema, ingawa huenda wamelingana umri. Ni jambo la busara alilofanya, kwa maana mtu aliyezidiwa na joto, anayepepesuka au kuongea maneno yasiyoeleweka, dawa yake ya kwanza ni kupozwa haraka, maswali baadaye.

Kuhusu nafasi ya nne, ipo haja ya kusema neno. Mwaka 2012 kule London, David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Wengi huikumbuka rekodi hiyo. Wachache humkumbuka aliyemaliza wa nane na wa mwisho siku ile. Muda wake ungemtosha kushinda fainali tatu za Olimpiki zilizotangulia. Wa mwisho, basi, ni wa mwisho wa siku fulani, mbele ya watu fulani. Mkufunzi wa kijijini aliyeitazama saa yake zamani zile hakukosea hesabu. Alichosahau kumwambia yule mvulana ni kwamba angeweza kurudi kwenye vitabu na bado akaendelea kukimbia.

Na hapa wanaosoma lugha wana deni lao. Msamiati wa riadha kwa sehemu kubwa umebebwa na wanahabari: masafa ya kati, mbio za nyika, kupokezana vijiti, kuruka viunzi na maji. Ni kazi nzuri, na vyuo vikuu haviwezi kujivunia mchango sawa na huo. Lakini msamiati huo ni wa kutangaza matokeo. Unaeleza nani kamshinda nani. Anayetaka kusema habari za yule asiyemshinda mtu wala kufukuzwa na mtu hubaki na kirai kirefu, kukimbia kwa ajili ya kujifurahisha, kinachosikika kama udhuru ulioandikiwa mwalimu mkuu. Ajabu ni kwamba kitenzi kinachofaa kiko tayari, kimekaa kando. Alasiri ile, mgeni mmoja alipomwulizia mwalimu ofisini, aliambiwa na mwanafunzi kwamba ameshinda uwanjani. Mgeni akafurahi, akaulizia kombe. Mwanafunzi alikuwa na maana tu kwamba mwalimu yuko huko tangu asubuhi.

Jioni mwalimu alimpigia kaka yake simu. Hakuwa amewahi kumwambia kwamba anakimbia. Februari mbili za kwanza alizificha kama mtu anayeficha kileo. Safari hii alisema.

"Wamekupa nini?" kaka akauliza.

"Soda, kaka."

Kimya kikapita. Upande wa pili ilisikika sauti ya ndoo ya maziwa ikiwekwa chini, na ng'ombe akipumua.

"Ule mzunguko wa kabla ya kengele," kaka akasema, "ulikwenda kwa ngapi?"

"Sekunde 104."

"Ehe. Hapo ndipo." Kisha, baada ya muda: "Na wa mwisho?"

"Tisini na nane."

Kaka hakusema kwamba ni vizuri, wala hakusema kwamba ni vibaya. Aliuliza kama uwanja ni wa nyasi au wa udongo, na upepo unatoka upande gani, na kama ni kweli kwamba joto la huko huanza hata kabla mtu hajafunga kamba za viatu.